Somo la takwimu kwa wanafunzi wa saikolojia na sosholojia: lifutwe au lifundishwe upya?

Mitihani ya muhula ikikaribia, malalamiko katika vyuo vya Mwanza huwa ni yale yale: mtu anayesoma saikolojia, sosholojia, ustawi wa jamii au ushauri nasaha analazimishwaje kusoma takwimu? Hoja yenyewe si ya kitoto. Mwanafunzi alichagua HKL au HGK, michepuo isiyo na hesabu, kidato cha tano kwa makusudi, aachane na hesabu zilizomtesa tangu kidato cha kwanza. Anafika chuo, anakutana na alama ya sigma ubaoni, fomula inayomeza mstari mzima, na mhadhiri anayedhani darasa zima lilipitia BAM, yaani hesabu za kidato cha tano na sita. Matokeo yakibandikwa, sapu, yaani mitihani ya marudio, zimejaa. Wapo wanaolibeba somo hilo hadi mwaka wa tatu, na wapo wanaodisko, yaani kuondolewa chuo, kwa ajili ya kozi ambayo, kwa maneno yao, haitawasaidia hata siku moja kumtuliza mjane au kumrudisha kijana aliyezama kwenye kubeti.

Walimu nao wana jibu lao la miaka yote. Bila takwimu hakuna sayansi ya tabia, kuna stori za kijiweni. Asiyeweza kusoma jedwali ataamini lolote aliloandikiwa. Tena, wanasema, kozi hii ipo Dar es Salaam, ipo Nairobi, ipo kila mahali panapotolewa shahada za aina hii. Ukiifuta Mwanza, umewapunguzia wahitimu wako thamani sokoni.

Nimesimamia tafiti za wanafunzi kwa muda wa kutosha kuona kwamba kila upande unasema kweli kuhusu mwenzake na kujisahau wenyewe. Msimamo wangu nautaja mapema ili msomaji asipoteze muda kuubahatisha: somo libaki la lazima, lakini sehemu kubwa ya kinachofundishwa sasa ndani yake iondoke, na kilichosukumwa pembeni kiletwe katikati. Kufikia hapo lakini si njia iliyonyooka, kwa sababu wanaotaka lifutwe wana hoja moja au mbili ambazo sijaona zikijibiwa vizuri.

Tuanze nao, maana wengi huwapuuza upesi mno. Hisabati ndilo somo ambalo mwaka hadi mwaka linaburuza mkia kwa ufaulu katika mtihani wa kidato cha nne. Kijana mwenye F ya Hesabu haji chuoni mikono mitupu. Anakuja na hofu. Na hofu ya hesabu si uvivu. Wanasaikolojia wameipima: mtu mwenye hofu hiyo akiwekewa swali mbele yake, ile sehemu ya akili inayotakiwa kushika tarakimu wakati anakokotoa inakuwa imeshakaliwa na wasiwasi, kwa hiyo anakosea hata anachokijua. Sasa idara inayofundisha mambo ya tabia inampa mtu huyu ukumbi uliofurika, fomula za kukariri na saa tatu za mtihani, kisha inashangaa amefeli. Wanachokifundisha ukumbi wa jirani hawakitumii kwao. Hilo limenishangaza siku zote.

Halafu tazama chenyewe kinachofundishwa. Mtihani wa kawaida unakupa alama za wanafunzi kumi: tafuta wastani, tafuta namba ya kati, tafuta kipimo cha mtawanyiko, fanya jaribio la t la kulinganisha wastani, angalia jedwali la nyuma ya kitabu, sema kama unaikataa nadharia tete, yaani dhana kwamba hakuna tofauti, au huikatai. Ni kazi ambayo simu ya mkononi inaimaliza kabla hujafungua kalamu. Mtu anaweza kupata A humo bila kuulizwa hata mara moja zile alama kumi zilitoka wapi, nani aliachwa nje, na kama kilichopimwa ndicho kilichokusudiwa.

Matunda yake huonekana mwaka wa tatu, kwenye utafiti wa kumalizia shahada. Karibu na mageti ya vyuo zipo steshenari zenye karatasi ukutani: kuchapa, kubaindi, uchambuzi wa data. Mwanafunzi anaacha pale madodoso yake mia moja, siku chache baadaye anarudi kuchukua sura ya nne nzima: jedwali la jinsia, jedwali la umri, jedwali la kiwango cha elimu, grafu ya duara yenye rangi nne, na mwishoni kabisa kai-skwea, jaribio la kuona kama mambo mawili yanahusiana, yenye p = 0.000. Siku ya kutetea ukimuuliza hiyo 0.000 maana yake nini, jibu la kawaida ni kwamba hakuna uwezekano wowote wa matokeo kuwa ya bahati. Sivyo. SPSS, programu ya kuchambulia data, huonyesha tarakimu tatu tu baada ya nukta, kwa hiyo chochote kilicho chini ya 0.0005 kinatokea kama sifuri tatu. Na hata p ikisomwa sawasawa, haisemi uwezekano wa matokeo kuwa ya bahati. Inasema: tukichukulia kwamba uhusiano haupo kabisa, ni mara ngapi tungepata data yenye tofauti kubwa kama hii au zaidi? Ni swali jingine. Kijana ametoa pesa ya boom, yaani ya mkopo wa chuo, kununua tarakimu asiyoielewa, na chuo kimempa cheti juu yake.

Hapa wanaotaka somo lifutwe hushangilia: si mmeona, hata waliofaulu hawakuelewa! Lakini hoja hiyo ikifuatwa hadi mwisho inawageuka. Tatizo la kijana yule si kwamba alisoma takwimu. Alisoma kukokotoa, na takwimu hakuisoma kabisa. Ukiiondoa kozi, steshenari haitafungwa. Itapata wateja zaidi.

Chukua mfano wa karibu. Mwanafunzi wa sosholojia anataka kujua kipato na msongo wa mawazo kwa wavuvi wa dagaa. Anashuka mwaloni Igombe kwa wiki moja aliyoruhusiwa na chuo. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na taa zinahitaji giza. Mbalamwezi ikikomaa mitumbwi mingi hupumzika, watu wanashona nyavu, wengine wanapanda magari kwenda makwao. Wiki yake ikiangukia hapo, atawakuta waliobaki, wenye mifuko mitupu, nao watamwambia kweli: wiki hii hatujaona kitu. Ikiangukia wakati wa giza, wavuvi wenyewe wamelala mchana kwa uchovu, na atakaowapata wakiwa macho ni kina mama wanaoanika, wabebaji na madalali. Wiki mbili tofauti, mwalo mmoja, tafiti mbili zinazopingana, na fomula zote za kitabuni zitazipokea namba za wiki zote mbili bila kulalamika. Hakuna programu itakayomwambia kwamba shida ni mwezi. Akishapata namba, akichukua wastani, mwenye mitumbwi sita mmoja tu akiingia kwenye orodha atawatajirisha vibarua ishirini kwenye karatasi. Namba ya kati ingemwokoa. Katika yote haya hakuna sigma hata moja. Hiki ndicho kiini cha somo la utangulizi la takwimu, na ndicho ambacho kwenye mtaala hupitiwa wiki ya kwanza mbio mbio ili kuwahi fomula.

Mfano mwingine unatoka darasani, na kwangu una uzito kuliko wote kwa sababu unahusu mwili wa mtoto. Mwalimu wa shule ya msingi anawachapa waliopata alama za chini kabisa kwenye jaribio la wiki. Jaribio lijalo wengi wao wanapanda. Waliopata za juu anawasifu mbele ya darasa, na wengi wao wanashuka kidogo. Miaka kumi ya ushahidi wa macho yake mwenyewe inamwambia fimbo inafundisha na sifa zinalevya. Utamwambia nini? Alama ya siku moja ina uwezo ndani yake na ina bahati ndani yake: aliyelala njaa, aliyebahatika kusoma swali lililotoka, aliyeumwa. Waliofika chini kabisa wiki hii wengi walikuwa na siku mbaya; wiki ijayo bahati inarudi kawaida nao wanapanda, wachapwe wasichapwe. Francis Galton aliueleza mtindo huu wa kurejea kwenye wastani mwaka 1886, akilinganisha urefu wa wazazi na wa watoto wao. Daniel Kahneman, mwanasaikolojia aliyepata Nobel ya uchumi mwaka 2002, alikutana nao kwa wakufunzi wa marubani wa jeshi la Israeli walioapa kwamba kukaripia kunafaa na kusifu hakufai. Waliona kweli walichokiona. Walichokosea ni kukipa sababu.

Mwanafunzi wa ushauri nasaha asiyelijua hili ataingia kwenye shule hiyo, atamsikiliza mwalimu, na hatakuwa na la kumjibu zaidi ya kwamba viboko ni vibaya. Mwalimu atamwona mtoto wa mjini. Akilijua, anaweza kukaa naye na daftari la alama na kumwonyesha wale wa chini ambao siku moja hakuwachapa kwa sababu alikuwa safarini, nao wakapanda vilevile.

Wanaosema hesabu si ya kwetu, ni ya watu wa sayansi, historia nayo inawakatalia. Kipimo cha uhusiano kwa kutumia nafasi (wa kwanza, wa pili, wa tatu), kile kinachofundishwa kila mahali kwa jina la Spearman, kilitolewa mwaka 1904 na Charles Spearman, mwanasaikolojia, akitafuta namna ya kupima akili. Zile sentensi za "nakubali sana, nakubali, sina uhakika" ambazo kila dodoso linazo ni za Rensis Likert, 1932, naye alikuwa mwanasaikolojia. Jaribio la t ndilo lililotoka kwingine: William Gosset alilitoa mwaka 1908 kwa jina la bandia la Student, akiwa mwajiriwa wa kiwanda cha bia cha Guinness huko Dublin, kwa sababu kazi yake ilimlazimu kuamua mambo kwa sampuli ndogo.

Likert mwenyewe lakini anatuletea shida ambayo vitabu vya kigeni havitusaidii sana. Nenda na dodoso la aina hiyo kijijini Magu au Sengerema. Bibi amekuwekea kigoda, amekuletea maji, umemsalimia shikamoo na umekaa kwa adabu. Unamsomea sentensi ishirini. Kila moja anajibu, "Ndiyo mjukuu wangu, nakubali." Amekubali kwamba wanaume ndio waamue matumizi ya nyumba, na sentensi tano mbele amekubali kwamba mwanamke ana haki ya kuamua. Bibi hajachanganyikiwa, anakuheshimu, na pengine anataka uwahi gari. Wewe unarudi, unageuza majibu kuwa 4, 4, 5, 4, unatafuta wastani, unapata 4.2, unaandika kwamba jamii ina mtazamo chanya. Hapo wapinzani wa takwimu wanapata goli safi. Namba iliyopigwa wastani kwa usahihi wote imeficha kitu ambacho mtu aliyekaa na bibi jioni moja bila dodoso angekijua.

Na goli hilo limethibitishwa hapa hapa kwetu. Mradi wa MEMA kwa Vijana ulifanyika vijijini mkoani Mwanza kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990: jamii 20, kumi zikapata elimu ya afya ya uzazi shuleni, huduma za afya rafiki kwa vijana na shughuli za kijamii, kumi zikawa za kulinganishia. Zaidi ya vijana 9,000 walifuatiliwa. Matokeo makuu yalipochapishwa mwaka 2007, kwenye majibu ya mdomo mambo yalikuwa mazuri: vijana walijua zaidi, mitazamo yao ilikuwa bora, na baadhi ya tabia walizoripoti zilibadilika. Damu ilisema tofauti. Katika maambukizi ya VVU, herpesi ya sehemu za siri na mimba hapakuwa na mabadiliko ya kueleweka. Watafiti waliokuwa wakilinganisha njia mbalimbali za kuwauliza vijana hao walikuta pia kwamba baadhi ya waliosema hawajawahi kujamiiana vipimo vyao vilisema wamewahi. Ili kuelewa kinachoendelea kweli iliwabidi baadhi yao kwenda kuishi vijijini, kusikiliza na kutazama.

Mpinzani wa takwimu anasema: basi si nimeshinda? Dodoso linadanganywa, aliyekaa na watu ndiye anajua. Nakubali nusu. Aliyekaa na watu anajua kwa nini. Lakini ni mpangilio wa kitakwimu, yaani jamii zilizogawanywa kwa bahati nasibu na kipimo cha damu mwishoni, uliozuia mradi usijisifu kwa majibu ya mdomo. Bila kundi la kulinganishia na bila maabara, ripoti ingeandikwa kwamba vijana wameelimika na kubadilika, wafadhili wangepiga makofi, na kila mtu angelala usingizi. Miradi mingi midogo huishia hapo hapo: dodoso la kabla, semina yenye soda na posho, dodoso la baada, asilimia zimepanda.

Kuna jaribio jingine la hapa ambalo ningelifanya msingi wa muhula mzima, kwa sababu lina kila kitu. Kati ya mwaka 1991 na 1994 mkoani Mwanza jamii 12 zilipangwa kwa jozi sita. Katika kila jozi, moja ilianza kupata tiba iliyoboreshwa ya magonjwa ya zinaa kupitia vituo vya afya na zahanati zilizopo: watumishi wakafundishwa, dawa zikapatikana bila kukatika, wasimamizi wakawa wanatembelea. Ya pili ilisubiri. Baada ya miaka miwili hivi, maambukizi mapya ya VVU yalikuwa asilimia 1.2 kwenye jamii zilizoboreshewa na asilimia 1.9 kwenye zile nyingine. Matokeo yalichapishwa kwenye jarida la Lancet mwaka 1995 na kusomwa duniani kote.

Sasa mpe mwanafunzi hizo namba mbili tu. Mmoja atasema tofauti ni 0.7, haina maana, watu saba katika elfu moja. Mwingine atasema maambukizi yalipungua kwa takriban asilimia 40, maajabu. Wote wamesema kweli, na mwanasiasa, mfadhili au mwandishi wa habari atachagua ile inayomfaa. Kisha muulize: waliofuatiliwa walikuwa maelfu, sasa kwa nini watafiti wanahesabu jozi sita? Hapo anaanza kuona kwamba watu wa mwalo mmoja wanafanana, wana zahanati moja, wana wapenzi walewale na baa ileile, kwa hiyo watu mia wa kijiji kimoja si sawa na watu mia waliotoka vijiji mia. Hili likimwingia, hatarudia kuhoji watu themanini wa mtaa mmoja wa Igoma na kuandika kwamba wakazi wa Jiji la Mwanza wanaona hivi au vile.

Kisha mvushe ziwa. Mwaka 1999 yalitoka matokeo ya Rakai, Uganda, ambako watu wazima walipewa tiba ya magonjwa ya zinaa kwa pamoja, nyumba kwa nyumba, kila baada ya miezi kadhaa. Tofauti ya maambukizi mapya ya VVU haikuonekana. Ziwa moja, ugonjwa mmoja, dawa zinafanana, majibu tofauti. Nani kakosea? Pengine hakuna. Rakai maambukizi yalikuwa yameshaenea zaidi kuliko Mwanza, na kumpa kila mtu dawa kwa vipindi si sawa na kumtibu mwenye dalili siku anayokuja zahanati. Mjadala wa maelezo hayo ulichukua miaka. Mwanafunzi wa sosholojia ana mengi ya kuchangia hapo kuliko mtaalamu wa hesabu, ilimradi awe na uwezo wa kusoma majedwali ya pande zote mbili bila kutetemeka.

Niende kwenye hoja ya wapinzani ambayo naiona nzito kuliko zote, nayo haihusu wanafunzi dhaifu. Inahusu mabingwa. Mwaka 2015 kundi kubwa la watafiti lilichapisha matokeo ya kurudia tafiti 100 za saikolojia zilizokuwa zimetoka kwenye majarida yenye hadhi. Katika tafiti za awali, asilimia 97 zilikuwa na p chini ya 0.05, mpaka uliozoeleka wa kuhesabu matokeo kuwa yana maana. Ziliporudiwa, ni asilimia 36 tu zilizofika hapo. Waliofanya tafiti hizo za awali hawakuwa watu wa HKL. Walikuwa maprofesa waliosoma takwimu hadi mwisho wa ngazi. Mwaka uliofuata Chama cha Takwimu cha Marekani kilitoa tamko zima kuonya juu ya matumizi mabaya ya p. Mpaka wenyewe wa 0.05 ulienezwa na Ronald Fisher kwenye kitabu chake cha 1925 kama kiwango kinachofaa kwa kazi, akiwa kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza. Haukushuka kutoka mbinguni. Kwa hiyo mtu anayeuliza kwa nini tuwatese vijana kwa ibada ambayo makuhani wake wenyewe wameikosea, anauliza swali halali kabisa.

Sina jibu la kulifuta swali hilo. Ninachoweza kusema ni kwamba kilichoangusha tafiti zile ni mazoea: sampuli ndogo, kujaribu vipimo vingi na kuripoti kile kilichotoka vizuri, majarida kupenda habari njema. Na kozi ya utangulizi inayofundisha "p ikiwa chini ya 0.05 kataa nadharia tete" inazaa mazoea hayo hayo. Ikibaki hivyo, ni afadhali wanaotaka ifutwe washinde.

Lipo na suala la kazi. Mwanza ni mji wa utafiti. Pana NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, pana hospitali ya Bugando na chuo chake, pana kitengo cha majaribio ya tiba cha MITU, na miradi inayokuja na kuondoka. Wahitimu wetu wengi wa sayansi za jamii mlango wao wa kwanza ni udadisi, yaani kazi ya kukusanya majibu ya madodoso: kishikwambi mkononi, kofia kichwani, kaya kwa kaya. Mdadisi ndiye anayeamua ubora wa data kabla mchambuzi hajaiona. Nyumba iliyochaguliwa Buhongwa ikikutwa imefungwa, kishawishi ni kuingia ya jirani yenye watu, siku iishe. Aliyeelewa sampuli anajua kwamba wanaokutwa nyumbani saa nne asubuhi si watu sawa na wanaotoka alfajiri kwenda viwandani au mwaloni, na kwamba kubadilisha nyumba ni kubadilisha jibu. Atarudi jioni. Asiyeelewa ataona msimamizi anamsumbua tu. Nayo ngazi ya kutoka udadisi kwenda uchambuzi, ambako kuna mshahara wa maana, inapitia kozi hii hii. Kumsamehe mwanafunzi leo kwa huruma ni kumfungia huko, na sijaona anayepigania somo lifutwe akilitaja hilo.

Mabadiliko yenyewe yana gharama, tusidanganyane. Kufundisha kwa kusoma ripoti halisi na kwenda mwaloni kunahitaji madarasa madogo, na vyuo havina wahadhiri wa kutosha. Fomula ubaoni inafundisha mia tatu kwa chaki moja na kusahihishwa usiku mmoja. Programu walau si kisingizio tena: R, programu ya takwimu, ni ya bure, JASP iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Amsterdam ni ya bure na ina vitufe kama vya SPSS, kwa hiyo hakuna haja ya kupeana nakala za wizi kwenye flashi. Ningefuta ukokotoaji wa mkono karibu wote, nikabakiza wastani, namba ya kati na mtawanyiko mara moja tu ili mtu aone namba zinavyotembea. Jedwali la nyuma ya kitabu ningelichana.

Mtihani nao ubadilike. Swali la kwanza ninalopendekeza ni hili: wewe ni afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Diwani amesikia kwamba jaribio la Mwanza lilipata asilimia 1.2 dhidi ya 1.9, na amesikia pia kuhusu Rakai. Anakuuliza kama fedha za kata ziende kwenye dawa za zahanati au kwenye semina. Mjibu kwa nusu ukurasa, kwa Kiswahili, ukimwonyesha namba zinasema nini na wapi zinanyamaza. Ruksa kuingia na simu na kikokotoo. Asiyeweza, apewe sapu, hata kama anazijua fomula zote kwa kichwa.